Kosa Halilali Darasa la Tatu

Katika uhai wake wote, Shangazi hakuwahi kushinda shindano lolote, na hili lisichukuliwe kuwa ni malalamiko. Ukoo wake ni ukoo wa watu wa sala, na watu wa sala wanajua kwamba mitihani mikubwa husahihishwa kwingine. Lakini siku ya mazishi yake wakubwa walisema mengi, na mengine yalisemwa vizuri kiasi cha kutia shaka. Ni haki basi maisha yake yasimuliwe pia na watu waliokula naye chungu kimoja.

Alikuwa mwalimu wa darasa la tatu katika shule ya msingi ya serikali. Alipewa chumba kile akiwa binti mbichi kutoka chuoni, akiwa na viatu vya kuazima, na hakutoka tena. Walimu wakuu walikuja na kuondoka, mitaala ilikuja na kuondoka, sare za wanafunzi zilibadilishwa rangi na kurudishwa rangi ya zamani, yeye yupo. Mumewe alifariki mapema. Mungu hakuwajalia mtoto. Kwa hiyo aliishi nyumbani kwa kaka yake, chumba cha uani, jirani na cherehani ya wifi yake, na watoto aliokuwa nao ni wale wa kuanzia asubuhi mpaka kengele ya mwisho.

Watoto hao walimwita Mwalimu Tena. Mtoto akikosea, Shangazi hakuchapa wala hakufoka, wala hakuwaalika wengine wacheke. Alisema tu, "Tena," kwa sauti ya mtu anayeomba aongezwe chai. Mtoto akirudia akakosea, aliambiwa, "Tena." Wapo waliosema afadhali fimbo, maana fimbo ina mwisho.

Na alikuwa na sheria moja. Kosa halilali darasa la tatu. Kabla ya kengele ya kwenda nyumbani kila mtoto alifungua daftari, akayatafuta makosa yake ya siku ile mwenyewe, akalipiga kila moja mstari mmoja ulionyooka, kisha juu yake akaandika lililo sahihi. Kufuta ilikuwa marufuku. Raba zote zilikaa ndani ya kopo juu ya kabati kama wafungwa.

"Ukilifuta utasahau kwamba lilikuwa lako," aliwaambia. "Kesho litakujia kama mgeni, na wewe utalikaribisha."

Mzazi mmoja alikuja kulalamika kwamba mwanawe anachelewa kurudi kwa ajili ya hiyo mistari. Alianza kwa kusema kwamba mtoto hufika nyumbani giza limeshaingia. Shangazi alimtazama, akamwambia, "Tena." Mzazi akasema labda jioni. "Tena." Akasema basi, kabla ya jioni kidogo. Akaaga.

Ubaya wa chumba kile ulikuwa bati. Lilikuwa limetoboka upande wa madirisha, na lilitoboka kwa mpangilio, kana kwamba mtu alilikusudia liwe chujio. Mvua ikianza, darasa zima lilihamia upande wa ubao bila kuambiwa, kila mtoto na kiti chake, na somo likaendelea pale pale lilipokatikia. Ombi la bati lilipelekwa ofisi ya elimu kila mwaka, na kila mwaka jibu lilikuwa kwamba suala linashughulikiwa. Shangazi alimwambia wifi yake kwamba hajapata kuona suala lililoshughulikiwa kwa muda mrefu namna ile bila kuchoka.

Alikuwa amebakiza mwaka mmoja kustaafu. Hakutaka cheo, hakutaka saa ya ukutani wala hotuba. Alitaka kitu kimoja: amalize mwaka wake ndani ya chumba kile, atoke kwa mlango ule aliouingia na viatu vya kuazima. Hilo aliliweka katika sala zake za asubuhi, na wifi yake, ambaye ukuta wake ulikuwa mwembamba, alilisikia kila siku mpaka akalikariri.

Ndipo serikali ilipotuhurumia.

Ilitangazwa kwamba kutakuwa na Ruzuku ya Mageuzi ya Shule, na kwamba ruzuku hiyo itashindaniwa. Zamani, shule ikivuja, ilihesabiwa kuwa inahitaji bati. Wataalamu waligundua kwamba huo ulikuwa ushamba. Mtu mwenye njaa ukimpa chakula hivi hivi, walisema, unamdumaza. Sasa wenye njaa wote watapangwa mstari, watakimbia, na atakayefika wa kwanza huku akitabasamu ndiye atakayekula. Wengine watakuwa wamejifunza kukimbia, na hiyo nayo ni faida.

Mwalimu Mkuu alizipokea habari hizo kama mtu aliyeitwa jina lake. Alikuwa kijana bado, mwenye tai na maneno kama mchakato na mkakati, na alikuwa amesoma shule hii hii, darasa la tatu la Shangazi, dawati la karibu na mlango. Siku alipoletwa kuongoza shule, Shangazi alilia machozi ya furaha, akasema mbegu imerudi shambani. Mungu hutupa machozi mengi, na mengine tunayatumia kabla ya wakati.

Aliwakusanya walimu, akawasomea mwongozo. Shule haitapimwa kwa ubora wake, bali kwa kuboreka kwake. Darasa la tatu litafanya mtihani wa kuanzia sasa, na mtihani mwingine mwishoni mwa mwaka. Shule itakayopanda zaidi kati ya mtihani ule na huu ndiyo itakayoshinda.

 Halafu mwalimu wa hesabu, mwanamume mfupi aliyekuwa mwepesi wa hesabu zisizo za darasani, akacheka peke yake.

"Kwa hiyo aliye chini kabisa ndiye mwenye bahati," alisema.

"Sikusema hivyo," alisema Mwalimu Mkuu.

"Hukusema, Mkuu. Umesoma tu."

Watu wote wakageuka kumtazama Shangazi, maana watoto wake walikuwa wanajua kusoma. Walisoma vizuri mno. Hawakuwa na pa kupanda. Kwa mara ya kwanza katika historia ya shule, darasa zuri lilikuwa tatizo la utawala.

Kesho yake Mwalimu Mkuu alimwita ofisini, akamkaribisha kiti chenye mto.

"Mwalimu, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini? Kiti cha mto hiki sikijui."

"Nataka unisaidie. Huu mtihani wa kuanzia, watoto wakipata chini, mwisho wa mwaka wakipata kama kawaida yao, tumeshinda. Bati jipya. Madirisha. Na wewe unastaafia chumba chako, kikavu."

"Wapate chini kwa vipi? Waugue?"

"Wakosee. Siku moja tu. Wewe mwenyewe ulitufundisha, asiyekubali kushindwa si mshindani."

"Niliwafundisha mkishindwa mkubali. Sikuwafundisha mwende kushindwa kwa miguu yenu."

Mwalimu Mkuu alicheka kwa adabu, kisha akaacha kucheka, naye akaeleza upande wa pili. Mwongozo ulitaka shule ionyeshe pia mageuzi ya watumishi. Walimu waliokaribia kustaafu wangeweza kupangiwa kazi nyepesi, kwa mfano stoo. Yeye hapendi jambo hilo. Angesikitika sana kulifanya.

Stoo ilikuwa chumba cha mwisho uani, ilikohifadhiwa mipira iliyokufa, madawati yenye miguu mitatu na ramani za nchi zilizokwisha kubadilisha majina. Shangazi aliifikiria, akaona vumbi lake mpaka kooni.

"Mimi siwezi kuwaambia watoto waandike uongo," alisema.

"Huna haja ya kuwaambia. Wewe nenda ukanywe chai. Nitawaambia mimi."

Hakusema ndiyo. Hakusema hapana pia, na hili watu wake hawalifichi, kwa kuwa yeye mwenyewe hakulificha. Alirudi nyumbani akamsimulia wifi yake, ambaye alikuwa anashona sare.

"Ngoja, wifi, nielewe," alisema wifi, sindano mdomoni. "Serikali inagawa bati kwa wanaokosea?"

"Kwa wanaokosea kwanza."

"Mimi nimekosea tangu nilipoolewa na kaka yako, mbona sijaletewa hata msumari?"

Walicheka mpaka kaka akauliza kutoka ndani kuna nini, wakamwambia hakuna, mambo ya elimu. Lakini asubuhi ile iliyofuata sala ya Shangazi ilikuwa fupi, na ukuta mwembamba haukusikia lile ombi la kila siku. Mtu huona haya kumwomba Mungu kitu anachojua kwamba kinatafutwa kwa njia nyingine.

Siku ya mtihani karatasi zililetwa na dereva wa ofisi ya elimu ndani ya mfuko wenye lakiri. Angerudi mchana kuzichukua. Mwalimu Mkuu aliingia darasa la tatu na pakiti za biskuti kwapani, akamwambia Shangazi chai iko tayari, na Shangazi akatoka. Alikaa chumba cha walimu mbele ya kikombe, akakitazama kikipoa. Mwalimu wa hesabu alimuuliza kama sukari imetosha. Akajibu kwamba leo hata chumvi ingetosha.

Kule darasani, kama ilivyokuja kujulikana, Mwalimu Mkuu alieleza kwamba leo ni mchezo. Leo anayejua zaidi ndiye anayekosea zaidi. Atakayepata hata moja ameshindwa. Watoto hawakuamini masikio yao. Hakuna mtu mzima aliyewahi kuwapa mtihani mtamu kama ule, tena wenye biskuti. Walijitupa juu ya karatasi. Saba kujumlisha nane waliandika tembo. Wingi wa kiti waliandika Alhamisi. Msichana mmoja aliyeitwa Kasuku, kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika, alimaliza wa kwanza, akauliza kama anaruhusiwa kukosea pia jina lake.

Mwalimu Mkuu aliridhika. Simu yake iliita, ofisi ya elimu ikitaka kujua maendeleo. Alitoka nje kuyaeleza, na alipopita chumba cha walimu alimfanyia Shangazi ishara: nenda, kusanya, funga mfuko.

Shangazi aliingia. Muda wa mtihani ulikuwa haujaisha. Watoto walikuwa wamekaa, wana makombo ya biskuti mashavuni, karatasi ziko mbele yao. Hakuzitazama. Alikwenda ubaoni akawapa mgongo, akaanza kuufuta ubao uliokuwa safi. Alikuwa anasubiri kengele ilie mambo yaishe.

Basi akasikia kitu. Ilikuwa sauti ya penseli ikipita juu ya karatasi, mstari mmoja, mrefu, ulionyooka. Halafu nyingine. Halafu zote. Aliifahamu sauti ile kuliko alivyofahamu sauti ya kaka yake. Mchezo ulikuwa umekwisha, kengele ya kwenda nyumbani ilikuwa karibu, na hakuna mtu aliyewahi kuwaambia watoto wale kwamba iko siku kosa linaruhusiwa kulala. Walikuwa wanapiga mstari juu ya tembo na kuandika kumi na tano. Walikuwa wanapiga mstari juu ya Alhamisi na kuandika viti.

Angeweza kugeuka. Neno moja lingetosha, "Acheni," na bati lingekuja, na chumba kingebaki chake. Wifi yake alimuuliza baadaye kwa nini hakulisema. Alijibu kwamba alilitafuta mdomoni hakulikuta. Aliendelea kufuta ubao mpaka mkono ukamuuma. Kengele ikalia. Alikusanya karatasi zikiwa zimegeuzwa chini, akafunga mfuko, na dereva akaondoka nao.

Kule zilikosahihishwa, karatasi zile zilileta msiba. Darasa zima lilikuwa limekosa kila kitu, kisha likapata kila kitu, juu ya karatasi ile ile. Wataalamu walikaa wakafikiri, na walipofikiri wakaona jambo moja tu linalowezekana: watoto hawajui kitu, na mtu amewaingizia majibu. Shule ikaandikiwa kwamba inachunguzwa kwa udanganyifu. Yaani shule iliyodanganya ili ifeli ilishtakiwa kwa kudanganya ili ifaulu. Mwongo njia yake ni fupi, walisema wahenga, ila hawakusema kwamba inaweza kuzunguka na kumgonga mwenyewe kisogoni.

Mwalimu Mkuu alimwita tena Shangazi ofisini. Safari hii mto wa kiti haukuwepo.

"Mwalimu, umeniua."

"Mimi nilikuwa nafuta ubao."

"Tume inakuja kesho. Kuna njia moja. Useme uliwahurumia watoto, ukawasaidia majibu. Utu uzima, huruma, wataelewa. Shule itapewa onyo, itabaki kwenye mashindano, na wewe nakuapia hutatoka chumba chako. Kosa moja haliachi mke."

"Na wewe utasema nini?"

"Mimi nitasema sikujua kitu. Nilikuwa nje, kwenye simu."

Shangazi alimtazama yule mtu mzima mwenye tai, akamwona na kaptura yake, dawati la karibu na mlango.

"Tena," alisema.

"Mwalimu, tafadhali."

"Tena."

"Nilikuwa nje... nilipita mara moja kuwatakia heri."

"Tena."

 Mwalimu Mkuu alitazama meza. Feni ya ofisini ilizunguka, na kwa kitambo kidogo ilionekana kama mtoto yule angefungua daftari. Kisha akanyoosha tai.

"Mimi sipo darasa la tatu sasa, Mwalimu."

"Naona," alisema Shangazi, akainuka. "Ungekuwepo, ungekuwa umeshalisahihisha."

Tume ilikuja ikiwa na watu watatu: Mwenyekiti, mwanamama mtaalamu mwenye kompyuta, na bwana mmoja ambaye kazi yake haikujulikana mpaka chai ilipoletwa. Waliketi darasa la tatu kwenye viti vya watoto, magoti yakiwa usawa wa masikio, wakataka kuongea na mwanafunzi yeyote. Yeyote alisimama kabla hajachaguliwa. Alikuwa Kasuku.

"Nani aliwapa majibu?" aliuliza mtaalamu.

"Hakuna. Tulikuwa nayo."

"Mbona mliandika makosa kwanza?"

"Ulikuwa mchezo wa Mwalimu Mkuu. Tulipewa biskuti. Zangu zilivunjika, lakini nilikula."

"Na mbona mkayakata?"

Kasuku alimtazama kwa huruma, kama mtu anayeulizwa kwa nini watu hufunga mlango usiku. "Tulikuwa tunakwenda nyumbani," alisema.

Mwalimu Mkuu alitabasamu, akasema mtoto huyu ana kipaji cha kutunga hadithi, shule inakilea. Mwenyekiti akamgeukia Shangazi, akamuuliza kama anayo ya kuongeza. Shangazi alimtazama kwanza Mwalimu Mkuu. Alimpa nafasi, ndefu, mpaka bwana wa chai akakohoa. Nafasi ilipopita bila kuchukuliwa, akasema:

"Mtoto amesema kweli. Na mimi nilijua. Nilikwenda kunywa chai nikijua. Andika yote mawili."

Mwenyekiti aliandika, na alichoandika kilikuja kusomwa baadaye. Tume ilibaini udhaifu katika usimamizi wa darasa. Ilibaini kwamba mwalimu husika ni mtu mzima, na kwamba kumbukumbu zake na za wanafunzi wake hazilingani na za uongozi. Shule iliondolewa kwenye mashindano. Mwalimu husika, kwa heshima ya utumishi wake mrefu, apangiwe kazi zisizohusu watoto. Waliomba gari lao, na bwana wa tatu aliomba biskuti za njiani.

Ruzuku ilikwenda kwa shule nyingine, iliyoboreka sana. Ilikuwa imeanza na sifuri tupu, wala hakuna aliyeuliza walimu wake walikuwa wanafanya nini mpaka siku ile. Ilijenga geti kubwa lililoandikwa MAGEUZI. Wapita njia walilisifu.

Mwalimu Mkuu alikaa na aibu yake muda ambao aibu za namna hiyo hukaa, kisha akapandishwa cheo. Alihamishiwa ofisi ile ile inayoendesha mashindano, kwa kuwa ilionekana kwamba katika wilaya nzima hakuna aliyeuelewa mwongozo kuliko yeye. Kabla ya kuondoka alisaini mwenyewe uhamisho wa Shangazi, kutoka chumba cha darasa la tatu mpaka stoo.

Siku ile Shangazi alirudi nyumbani akaketi karibu na cherehani bila kuvua viatu. Wifi yake aliacha kushona.

"Nilimwomba Mungu kitu kimoja," alisema Shangazi.

"Nakijua. Nakisikia kila asubuhi."

"Basi ndiyo hivyo."

"Labda hajasahihisha bado," alisema wifi.

Shangazi alilia, na safari hii machozi hayakuwa kabla ya wakati. Kisha akanawa, akasali sala ndefu. Kwa jinsi ukuta ulivyosikia, humo alimwombea Mwalimu Mkuu kwa jina lake lote, la kwake, la baba na la babu, kama linavyoandikwa kwenye daftari la mahudhurio.

Stoo aliifagia. Mipira iliyokufa aliipanga kwa ukubwa. Madawati ya miguu mitatu aliyaegemeza ukutani yakasimama kama mazima. Juma la kwanza mvua kubwa ilinyesha, akainua macho kwa mazoea, akasubiri. Hakuna kilichodondoka. Stoo, chumba ambacho hakikuwa na kitu cha kuharibika, ndicho kilichokuwa na bati zima.

Darasa la tatu alipewa mwalimu mpya, kijana mwema aliyeshika sheria. Kengele ikilia, watoto nje. Siku chache hivi zikapita. Mchana mmoja Shangazi alisikia hatua uani, mlango ukasukumwa, akatokea Kasuku na daftari lake.

"Mwalimu, nina kosa."

"Mimi sina kazi na watoto siku hizi. Imeandikwa."

"Sikuja kufundishwa. Nimekuja kulikata tu, kisha niende."

Nyuma yake walikuwepo wengine. Waliingia, wakaegemea madawati yaliyoegemea ukuta, wakapiga mistari yao. Shangazi alisimama katikati ya ramani za nchi zilizobadilisha majina. Hakufundisha neno. Alipopita nyuma ya mtoto akaona pamekosewa, alisema lile moja. Ilikuwa hivyo mpaka mwisho wa mwaka, mvua kwa jua, na mvua iliponyesha walikuwa wakavu. Mwaka ulipokwisha alistaafu, akatoka kwa mlango wa stoo. Kile chumba alichokiombea hakurudi tena kufundisha ndani yake. Mungu hajibu kama ofisi ya elimu, hilo tunaliamini, lakini wakati mwingine naye suala analishughulikia kwa namna ambayo mja haielewi mara moja.

Aliishi miaka kadhaa tu baada ya hapo. Aliugua kidogo, akaomba asisumbuliwe na hospitali ya mbali, akafariki alfajiri, wifi yake akiwa amemshika mkono. Chumba cha uani sasa kina utulivu ambao cherehani haiwezi kuufunika. Asubuhi wifi hukaa upande wake wa ukuta, na kwa mazoea husubiri.

Kwenye mazishi walijaa watu ambao ukoo haukuwajua: mafundi, wauguzi, makondakta, wanawake wenye watoto mgongoni. Wote walikuwa wamepita chumba kile. Katikati yao likaingia gari la ofisi, akashuka Mwalimu Mkuu wa zamani, mwili umeongezeka, dereva akimbebea hotuba. Alipewa nafasi ya kwanza, kama ilivyo desturi ya kumheshimu mtu aliyekuja na gari.

Alisoma vizuri. Alisema taifa limepoteza nguzo. Alisema yeye binafsi ni tunda la mikono ile. Kisha akasema, "Na sote tunafarijika kwamba serikali ilimthamini, akastaafu kwa heshima, ndani ya chumba chake alichokipenda."

Akageuza ukurasa. Kutoka walipokaa wanawake, sauti ya msichana ikasema taratibu:

"Tena."

Alikuwa Kasuku, sasa binti mzima aliyevaa kitambaa cheusi. Hakuinuka, hata macho hakuinua. Msemaji akasita, akatabasamu, akarudia sentensi yake kwa sauti kubwa zaidi, labda hawakusikia.

"Tena," wakasema wengine. Hawakupiga kelele. Fundi mmoja alisema, muuguzi mmoja alisema, mzee mzima mwenye mvi alisema. Walisema kama watu wanaoomba waongezwe chai.

Yule mkubwa alitazama gari lake. Alitazama jeneza. Lilikuwa karibu sana naye, kama dawati lilivyo karibu na mlango. Alikunja hotuba, akaiweka mfukoni, na sauti iliyomtoka haikuwa ya ofisini.

"Alistaafia stoo," alisema. "Nilimpeleka mimi. Watoto niliwaambia mimi wakosee. Yeye alisema kweli, na mimi nilikaa kimya."

Watu wakangoja kuona kama lipo kosa jingine. Halikuwepo. Basi wifi, aliyekuwa mbele kabisa, akaitikia amina, na wanaume wakainama kulichukua jeneza. Jua lilikuwa bado halijazama.